Kabati la spana la droo saba kwa fundi wa boti Lamu: bodi nzuri, trei zake sizitaki

Nianze na jibu kwanza mana najua wengi mwataka kujua tu kama pesa yaenda bure ama la. Kabati lenyewe, hili la chuma la droo saba lenye magurudumu ambalo saa hizi maduka mengi ya vifaa Mombasa yanaliuza, nalipa nyota nne kwa tano. Zile trei za sponji zinazokuja ndani yake, za kupangia soketi (zile spana za kikombe za kuvika kichwa cha bolti), nazipa moja. Kwa fundi wa huku kwetu, ambae asubuhi akishika komeo la mlango wa gereji anashika chumvi, hizo trei ni za kutoa siku ile ile ya kwanza, na ntaeleza kwanini.

Gereji yangu ni ya mashine za boti hapa Lamu, karibu na maji kabisa. Nyingi zinazoingia ni Yamaha Enduro, ya nguvu za farasi 15 na ya 40, na jenereta, na siku hizi pikipiki pia manake zimeshaingia mpaka kwetu ambako zamani kwenye njia ulikua ukipishana na punda tu. Kwa hivyo soketi nlizonazo ni za kila sampuli, za milimita na za inchi, fupi na ndefu, zenye tundu la mpini la robo inchi, la tatu kwa nane na la nusu inchi, na zote zilikua zaishi kwenye tulboksi mbili za bati na ndoo. Mtu yeyote anaefanya kazi hii ajua hali hio, dakika kumi za kufungua bolti na ishirini za kutafuta cha kufungulia.

Usafiri nauzungumzia kwa sababu kwa mtu wa Lamu ni nusu ya kununua. Kabati lilipanda basi Mombasa, likaja kwa Malindi, Garsen, Witu mpaka Mokowe, hapo likashushwa likaingia boti. Muuzaji atakusifia magurudumu, mawili yana breki, yote yanazunguka, na ni kweli kwenye sakafu ya sementi yanakwenda vizuri sana hata droo zikiwa zimejaa. Lakini kwenye vichochoro vya Mji wa Kale hayo magurudumu hayana kazi, utataka mkokoteni na hamali wawili wanaojua njia. Na usikubali lishushwe maji yakiwa yamekupwa, ngoja yajae, ngazi za gati zikibaki wazi zina utelezi na mwenzako amebeba chuma. Chengine, zitoe droo kwanza. Kila reli ya droo ina kijilimi cha plastiki ubavuni, upande mmoja wakisukuma chini upande wa pili wakivuta juu kwa pamoja, droo inatoka nzima. Mahamali walibeba bodi tupu, droo zikaja peke yake, na hakuna kilichopinda.

Bodi sasa. Chuma chake sio kile chembamba cha kubonyea kwa kidole, rangi imepigwa ile ya unga ya kuokwa na imeshika vizuri, tangu kabla ya kaskazi iliyopita nalitumia na mbele halijabambuka. Droo zinakwenda kwa beringi za gololi, nyororo. Ila ingia ndani na tochi uangalie pale chuma kilipokatwa na kutobolewa, kwenye kingo za mgongoni na chini ya droo, utaona kuna sehemu rangi haikufika, na kutu ya kwetu haibishi hodi, inaanzia pale pale. Mimi kabla sijaweka hata spana moja nlichukua brashi ndogo nikapaka redi oksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, kila ukingo uliokua wazi na kichwa cha kila skrubu. Kazi ya jioni moja. Na zile reli za gololi usizijaze grisi, najua mkono unakwenda kwenye grisi wenyewe, lakini mchanga wetu ni laini, upepo unauingiza popote, ukikutana na grisi unakua msasa. Futa kwa kitambaa chenye mafuta mepesi, basi.

Sasa sponji. Trei hizi zina tabaka mbili, juu nyeusi chini nyekundu, na zimekatwa mashimo ya umbo la kila soketi, ukitoa soketi unaona wekundu. Fikra yenyewe mimi naiheshimu sana. Mafundi wa ndege ndio wanaoitumia zaidi, manake kwenye ndege kifaa kimoja kikisahauliwa ndani ya injini ni roho za watu, kwa hivyo kila kifaa kina shimo lake na shimo likiwa tupu ndege hairuki mpaka kipatikane. Kwa boti ni vile vile, na hapo ntarudi. Tatizo ni aina ya sponji. Kuna ile ngumu ambayo vitundu vyake vimejifunga, maji hayaingii, ukiibonyeza inarudi pole pole, hio ni nzuri. Na kuna ile laini ya kama godoro, ambayo inanyonya. Hizi zilizokuja na kabati ni laini. Soketi ikirudi na tone la maji ya bahari, tone linaingia kwenye sponji linakaa, chumvi inakaa, na kesho na kesho kutwa ile soketi imelalia unyevu usiku kucha ndani ya droo iliyofungwa. Niliziacha wiki chache na soketi za zamani ili nione, soketi nyeusi zile za kutumia na bunduki ya upepo zilishika kutu upande uliogusa sponji, upande wa juu safi. Za kromu zilivumilia, ila pale kromu ilipochubuka kitambo kukatoka doa la rangi ya chungwa. Kwa hivyo usimsikilize mtu akikwambia soketi ni nzuri manake ni kromu vanadiamu, hio vanadiamu ni ya nguvu tu, kinachozuia kutu ni lile tandiko la kromu la juu na likipasuka kinga imekwisha.

Ukitaka njia ya sponji, tafuta ile ngumu na ukate mwenyewe kwa kisu chembamba, fuata umbo la kifaa kwa kalamu na uache nafasi ya kidole. Mimi nmefanya hivyo kwa plaisi na vipimo peke yake. Kwa soketi nimejaribu njia nyengine na hapa ndio kwenye maneno.

Kuna reli za bati zenye vibanio vya kupachika soketi, zile za bei rahisi. Hazifai kwetu. Kibanio kinakwangua ndani ya tundu la soketi kila ukitoa na kurudisha, na chenyewe ni chuma kitupu, kinaoza, kikilegea soketi zinamwagika ukiinua reli.

Kuna trei za sumaku. Ndani ya gereji ni tamu, wairusha soketi inasimama yenyewe, hata droo ikifungwa kwa nguvu hakuna kinachohama. Lakini sumaku inakusanya unga wa chuma, na soketi yenyewe inashika usumaku kidogo, ukifungua gia ya mashine ule unga unaupeleka ndani kwenye mafuta na beringi. Na kuna hili ambalo mfundishe kila kijana wako: trei ya sumaku haiingii kwenye boti. Ukiiweka karibu na dira, sindano inahama, na nahodha anaerudi usiku kutoka Kiwayuu au Kizingitini hawezi kujua kama dira inamdanganya. Mimi trei ya sumaku ninayo moja, haitoki mlangoni.

Kuna reli za alumini zenye vishikio vya plastiki vya kuzungusha, soketi unaipachika unaizungusha robo inakaza, hata ukiipindua reli juu chini haidondoki. Hizi ni nyota tano. Alumini haina kutu ile nyekundu, plastiki haikwangui, na ina mpini, kazi ikiwa botini unabeba reli moja badala ya kabati. Bei iko juu kidogo, lipa.

Na kuna trei za vijiti, plastiki ngumu, kila kijiti kimesimama na namba yake imeandikwa mbele, soketi unaivika kichwa chini. Hizi ndizo nilizoweka kwenye droo ya juu ya kabati, na ndizo ningemshauri fundi yeyote aanze nazo, manake kijiti kitupu kinaonekana kutoka mbali na maji yakiwepo yanachuruzika chini, unafuta. Lakini pima kabla ya kununua! Droo za juu za kabati hili kwa nje zaonekana zina kina, kwa ndani ukitoa mkeka wa mpira na ukingo wa juu hupati hata sentimita sita. Soketi fupi zinasimama bila shida. Ndefu za nusu inchi zinafika karibu sentimita 8, hazisimami, droo haitafunga. Ndefu zilaze kwenye droo ya pili ama zishushe droo ya chini yenye kina.

Mpangilio sasa, na hapa watu hubishana sana. Wengi hupanga kwa ukubwa tu, 8, 9, 10, 11 mpaka 32, wakaona wamemaliza. Mimi nasema panga kwa kazi. Bolti ya milimita 6 kichwa chake ni 10, kwa Mjapani na kwa mwengine, ndio mana 10 ndio inayopotea kila gereji duniani, inatumika kuliko zote. Lakini bolti ya milimita 8 Mjapani mara nyingi huipa kichwa cha 12, na mashine za Ulaya huipa 13. Bolti ya 10, Mjapani 14, kipimo kipya cha kimataifa 16, cha zamani cha Kijerumani 17. Kwa hivyo ukiwa kwenye Yamaha unaishi na 10, 12, 14 na 17, hizo ndizo za mbele, kulia, pale mkono unapofika bila macho. 13 nimeitenga mstari wa nyuma makusudi. Kijana akiwa na haraka akachukua 13 akaivika kichwa cha 12 kilichoshikana kwa chumvi, kichwa kinakua duara, na bolti ile itatoka kwa moto na keekee, siku nzima imekwenda.

Mstari wa mbele pia uwe ni soketi za pembe sita. Za pembe kumi na mbili ni rahisi kuvika lakini zinashika ncha tu za bolti, na bolti zetu zimeliwa tayari. Hizo za kumi na mbili nimezipeleka nyuma.

Za inchi zina trei yake peke yake na nimezifunga utepe mwekundu, kila moja. Mashine za Kimarekani za zamani bado zipo kwenye visiwa na zina bolti za inchi. Robo tatu ya inchi ni milimita 19.05, hio 19 inaingia sawa sawa bila tabu. Lakini nusu inchi ni 12.7, ukiivika 13 inacheza, na kucheza huko ndiko kunakoharibu. Zikichanganyika kwenye trei moja hata fundi mwenye macho mazuri atakosea jioni taa ikiwa hafifu. Na namba zilizochongwa hazisomeki zikishaingia mafuta, kwa hivyo chukua rangi nyeupe, paka juu ya namba, futa mara moja kwa kitambaa, rangi inabaki ndani ya michoro. Gereji yangu sasa namba zasomeka kutoka mlangoni.

Droo nyengine ntazipitia haraka. Ya pili racheti, ekstensheni na soketi ya plagi, ile 21 ya mashine nyingi za Yamaha za mafuta ya kuchanganya, ina mpira ndani, usiiache iloe petroli. Ya tatu spana za mkono, zimesimamishwa kwa ubavu kwenye kibanio cha plastiki, zinachukua nusu ya nafasi kuliko zikilazwa. Ya nne bisibisi, na humo nina ombi moja: zile za msalaba za Kijapani zitenge na za kawaida. Skrubu za kabureta ya Yamaha zaonekana sawa lakini pembe zake si sawa, bisibisi ya kawaida inapanda juu na kula kichwa. Za Kijapani nimezitia alama mpini. Ya tano plaisi. Mbili za chini zenye kina ni za nyundo, tupa, vivutio vya flaiwili (lile gurudumu zito linalozunguka juu ya mashine) na kila kizito, na uzito lazima ukae chini, kabati hili halina kizuizi cha kufungua droo moja moja, ukivuta tatu za juu zikiwa zimejaa litakuangukia. Hio ndio nyota ya tano lililoikosa. Toki renchi, ile spana ya kukazia bolti kwa kipimo, ikae kwenye kasha lake, na kabla ya kuilaza irudishe kwenye alama ya chini kabisa, springi isikae imebanwa.

Kuhusu unyevu wengi huniuliza vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu. Kabati lina mianya kila upande, vipakiti vinashiba unyevu wa Lamu upesi sana na baada ya hapo havina kazi, labda uviweke kwenye kasha linalofunga kabisa na uwe wavikausha kwa moto mdogo. Mafundi wazee hutia kafuri kwenye sanduku la vifaa, na mimi naitia kwenye droo ya vipimo, vernia na fila geji, mpaka sasa ni safi kama zilivyotoka dukani. Ila dawa yenyewe hasa ni maji matamu. Chochote kilichogusa bahari kisuuze, kikaushe, kipangusie mafuta kabla hakijarudi kijitini. Mafuta peke yake juu ya chumvi hayasaidii, umeifungia chumvi ndani.

Sasa nirudi kwenye kijiti kitupu, manake hili ndilo lililonifanya niandike. Boti ya abiria ikija kwangu, nahodha huwa na haraka, na ana haki, watu wamengoja jua linawaka. "Ami, imewaka, tupe mashine yetu twende." Mimi hapo namwambia kijana fungua droo, tazama. Haichukui hata dakika. Kama vijiti vyote vimejaa, boti ikiondoka sina kitu kilichobaki huko. Juzi kijana akanambia, "Fundi, 12 fupi haiko." Nahodha ashashika kamba ya kuwashia. Nikamwambia ngoja kidogo bwana, tukafungua kifuniko, soketi imelala pembeni ya flaiwili. Mashine ingewaka tu, lakini mkondoni pale kati ya Lamu na Manda, boti ikipigwa na wimbi, soketi ikaingia chini ya flaiwili, mashine inakatika papo hapo na boti ina watoto. Zamani na ile ndoo ningejuaje? Ndoo haisemi kilichopungua, soketi ingegunduliwa haiko wiki ya pili na tungesema ilianguka ngamani.

Kijana yule sasa hata simwambii, kabla hajaosha mikono yeye na droo ya juu. Kwa hilo peke yake kabati limenilipa.

Pesa: kabati Sh 38,000 Mombasa, nauli na mahamali mbali, reli za alumini na trei za vijiti zote pamoja Sh 6,000 na kitu. Fundi wa pikipiki tu hana haja ya droo saba, la droo tano lamtosha na abaki na pesa ya reli nzuri. Fundi wa boti mwenye gereji ya kudumu, nunua. Fundi anaezunguka na tulboksi begani kutoka Shela mpaka Matondoni, usinunue kabati, nunua reli za alumini peke yake, zitaingia kwenye mkoba ulionao.

Ukienda dukani vuta kila droo mpaka mwisho na uibonyeze kwa uzito wa mkono, ikiyumba upande mmoja reli imepinda, kataa hilo wakupe jengine. Funga kufuli ujaribu droo zote saba moja moja, kwenye la kwanza nililoonyeshwa ya sita ilikua yafunguka kufuli likiwa limefungwa. Na namba ndogo iliyochongwa kwenye uso wa kufuli iandike kwenye risiti kabla hujatoka, funguo zikidondoka gatini hio namba ndio utakayompa mtu wa Mombasa akuchongee nyengine.